Kisigino cha Ronnie

Mama Hudak anadai aliona kwa macho yake. Kwamba mwaka jana Ronnie Wasko, mpira ukiwa mkononi na mwenzake yuko peke yake kule kushoto akipunga mikono kama anayezama, aliwatazama vijana wa Brannock, wapinzani wao wa mji jirani, akawarushia wao. Halafu akatabasamu. Mama Hudak alikaa safu ya juu kabisa siku hiyo, na miwani aliisahau nyumbani, lakini tabasamu aliliona.

Kila wiki ya mechi na Brannock ikifika huyarudia hayo. Safari hii aliyarudia kwenye duka la mikate, mbele ya foleni nzima, na aliyekuwa akimfungia mkate ni Bernadette, dada yake Ronnie.

"Simsemi mdogo wako vibaya, mwanangu," alisema. "Nasema tu kuna watu wananunulika."

Bernadette alimpa chenji, akamwita anayefuata. Ronnie ni kwotabeki wa timu ya shule, na katika mpira wa Kimarekani kwotabeki ndiye anayekabidhiwa mpira na kuamua, kabla hajaangushwa chini, aurushe kwa nani. Mbele ya timu dhaifu Ronnie huamua kama mtu anayechagua viazi, taratibu, bila kukosea. Ije mechi kubwa, anageuka mtu mwingine. Mpira anaupeleka palepale wapinzani walipo, kana kwamba wameitana.

Na Ijumaa hii ilikuwa Brannock tena, na mtu wa chuo kikuu alikuwa anakuja kumtazama. Akimpenda, Ronnie atasomeshwa bure. Asipompenda, akimaliza shule atashuka mgodini alikoshuka baba yao, na babu yao kabla yake.

Baba yao, Gene, hakuwahi kumlaumu. Yeye ndiye kwotabeki pekee wa mji ule aliyewahi kuwafunga Brannock na kurudi na kombe. Picha yake iko ukutani kwenye kilabu cha wachimba makaa, na tangu hapo hajui bei ya bia. Kila Ronnie akiharibu, wazee humwita Gene mezani awasimulie upya mambo ya enzi zake. Akirudi humshika mwanawe bega. "Moyo wako mwepesi tu," humwambia. "Si kila mtu kaumbiwa mechi kubwa."

Bernadette hakuamini hiyo habari ya moyo mwepesi. Tangu utotoni kazi yake ilikuwa kuokota mipira uani wakati baba akimfunza Ronnie, na mwokotaji huona mengi. Aliona kwamba Ronnie akitaka kurusha kulia, kisigino cha kulia hunyanyuka kidogo kabla mkono haujaenda. Akitaka kushoto, hutulia. Akamnong'oneza baba yake. Gene alimtazama kitambo, akamwambia amwachie yeye, mwalimu ni mmoja, dada akiingilia kijana atachanganyikiwa. Kesho yake akasema keshamwambia, na Ronnie kajibu kwamba ndivyo alivyozoea, hataki kubadilika. Bernadette akaona huo ni ukaidi wa mdogo wake, akauacha.

Jumatano tajiri wake alimtuma Brannock na gari, apeleke mikate ya karamu ya timu yao. Njia ya kwenda jikoni ilipita kando ya uwanja, na vijana walikuwa mazoezini. Mmoja kavalishwa namba ya Ronnie, ajifanye Ronnie ili wenzake wamzoee. Hilo kila timu hufanya, na Bernadette angepita zake. Lakini yule kijana alinyanyua kisigino cha kulia, na wenzake wote, kama waliovutwa kwa kamba moja, wakakimbilia kulia.

Alisimama na trei kifuani. Kocha msaidizi akaja kujimegea mkate, na Bernadette akamuuliza, kama mtu anayepitisha wakati, ni nani aliyewafunza mchezo ule. Yule bwana hakumjua. Akacheka.

"Mtu aliye karibu naye kuliko shati lake," alisema, akitafuna. "Na hatukumnunua, dada. Alikuja kwa hiari yake."

Karibu kuliko shati ni ngozi ya mtu mwenyewe, yaani Ronnie. Hivyo ndivyo Bernadette alivyolielewa neno lile, na njia nzima ya kurudi aliendesha huku machozi yanamtoka. Alikuwa amemtetea Ronnie kwenye foleni za mikate na kwenye ngazi za kanisa. Alikosana na mchumba wake kwa ajili yake, pete akairudisha, kwa sababu tu yule kijana alisema Ronnie ni msaliti.

Alimkuta uani peke yake, akirusha mipira kwenye tairi linaloning'inia. Ndani, baba yao alikuwa akinyoa ndevu na kupiga mluzi, anajiandaa kwenda kilabuni.

"Nimetoka Brannock," Bernadette alisema. "Nimemwona mtu kavaa namba yako."

"Ananiiga vizuri?"

"Mpaka kisigino."

"Kisigino gani?"

"Usinichezee, Ronnie. Cha kulia. Unavyokinyanyua ukitaka kurusha huko."

Ronnie alicheka, akidhani anataniwa. Akaokota mpira, akajipanga, akalenga kulia, na safari hii akajitazama miguu. Akarudia. Akarudia tena, polepole, na kisigino kikanyanyuka mbele ya macho yake. Alikitazama kama mtu aliyeoneshwa kovu la mgongoni mwake. Mpira ukamdondoka.

"Mungu wangu, dada. Siku zote nafanya hivi? Mbona hakuna aliyewahi kuniambia?"

Bernadette aligeuka akatazama dirisha la bafu. Mluzi ulikuwa ukiendelea.

"Muite baba," Ronnie alisema, na uso wake ulikuwa umeng'aa kama wa mgonjwa aliyeambiwa kapona. "Mwambie asiende kilabuni leo, aje anirekebishe. Bado siku mbili, yeye ataweza. Dada. Muite."