Nyuzi Mbili za Juu

Piano ilianza peke yake, kama ilivyotungwa zaidi ya karne moja iliyopita sonata ile ya fidla na piano aliyoichagua Ruqayya kwa usaili wake. Ruqayya aligusa nyuzi za fidla kwa kidole gumba, akasikia mbili za juu zimeshuka sauti.

Alikuwa ameshazikaza sawasawa kabla ya kwenda msalani. Aliporudi, babake, mpiga fidla wa taarabu wa Mombasa, alimkabidhi fidla akicheka.

"Nimekuwekea vizuri, mama. Nenda kawaoneshe Wazungu inavyolia."

Ruqayya alidhani ameifuta vumbi tu. Kumbe alizilegeza nyuzi zile mbili, kama wafanyavyo wapigaji wa taarabu.

Mbele yake walikaa majaji watatu wa chuo kimoja cha muziki cha mji wa Saint Paul, Marekani. Nafasi ya kusoma hapo ilikuwa moja. Nyuma yao, babake alikuwa keshaanza kuchezesha vidole juu ya goti, kana kwamba fidla iko mkononi mwake.

Ruqayya aliinua mkono, piano ikanyamaza.

"Samahani," aliwaambia majaji. "Nimesahau kukaza nyuzi. Kosa ni langu."

Jaji mmoja aliandika kitu.

Ruqayya akageuka, akampa babake mgongo asione anakaza zipi. Uzi wa kwanza ukapanda, kisha wa pili.

Mzee hakuhitaji kuona; sikio lilimtosha. Juu ya goti, vidole vyake viliacha kucheza.