Nguvu za Nani?

Tusekile alisimama nje ya dirisha, kapu la maparachichi kichwani, akamwona mumewe akisukuma hewa.

Mzee alikuwa ameketi kitini, macho yamefumbwa nusu, mikono ikienda mbele polepole kama ya mtu anayepenya migombani bila kutaka kudondosha umande. Chumbani alikuwa peke yake. Tangu apasuliwe nyonga, binti mmoja mchangamfu, mtaalamu wa mazoezi, alikuwa akija kumfundisha mchezo wa Wachina unaoitwa taichi. Tusekile hakumwamini binti huyo hata kidogo. Mazoezi gani ya kimyakimya, tena mlango umefungwa?

Akatua kapu, akaingia bila hodi.

"Unamwabudu nani?"

"Simwabudu mtu, mama. Natafuta nguvu."

"Nguvu za nani?"

Mzee aliziweka nyayo zake sawasawa sakafuni, akainama mbele, akaanza kuinuka bila kushika kiti wala mkongojo. Suruali ilimtetemeka magotini. Tusekile alikodoa macho. Tangu watoke hospitali, ni yeye aliyemwinua kila asubuhi, kifua kwa kifua, mikono kwapani, kama anayeng'oa mti.

Mzee akasimama. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Kisha akanyanyua mguu wa upande ule uliopasuliwa.

Mkono wa Tusekile ulikuwa umeshanyooka kumdaka. Akautazama, akaurudisha kifuani, akangoja.