Video za Mfongo

Video ya tisa nayo ilizimwa kabla chai haijachemka.

Elinipendo aliusoma ujumbe wa mtandao akiwa amesimama mlangoni: "Video yako imezuiwa kusambaa kwa kukiuka maadili ya jamii." Akasonya. Jamii ipi hiyo? Hao waliokaa kwenye viyoyozi huko Ulaya wanajua nini kuhusu maji ya Machame? Laana iwapate na vizazi vyao.

Mfongo ni mfereji waliochimba mababu kuleta maji vihambani, kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Sasa hoteli inayojengwa kule juu ilikuwa inayataka maji yote, na mkutano wa kijiji ungeamua Ijumaa. Wakipewa, migomba itakauka na ng'ombe watauzwa. Wenyeji waliotawanyika Dar na Arusha wangesikia, wangepanda mabasi kuja kupinga. Watasikiaje, kama kila video inakufa imetazamwa na watu hamsini?

"Usikate tamaa, mke wangu," alisema Gidioni kwenye simu. Alikuwa Bomang'ombe, kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi. "Rekodi nyingine. Ukishapandisha nitumie linki mimi kwanza, niwasambazie ukoo. Tuisukume."

Ndivyo alivyofanya siku zote. Mashemeji nao hawakumwangusha, kila wakikutana naye kanisani walimpa pole na kuutukana mtandao pamoja naye.

Akarekodi ya kumi. Akapandisha, akatuma linki, akaingia jikoni. Mama mkwe wake, Yuditha, alikuwa anamenya ndizi za mtori. Simu yake mpya ililia juu ya kigoda. Alikuwa ameletewa Jumapili na mwanawe wa mwisho, Fredy, aliyemuunga kwenye makundi yote.

"Nisomee, mwanangu, mikono ina utomvu. Ni wanakwaya hao, habari ya sare."

Hawakuwa wanakwaya. Lilikuwa kundi la ukoo, la watoto wa kuzaliwa tu. Wake walioolewa hawakuwemo. Elinipendo akasoma kwa sauti, taratibu:

"Linki ya leo hiyo hapo. Iripotini wote haraka kama zile nyingine, kabla haijafika Dar. Hoteli ikikosa maji, ujenzi unasimama, na saruji yangu atanunua nani?"

Kisu cha Yuditha kikasimama kwenye ganda.

"Nani huyo anaandika hivyo?"

"Mwanao Gidioni."