Glavu za Shangazi

Shangazi alisukuma mlango wa bafu kwa nyonga, ndoo ya maji ya vuguvugu mkononi, chupa ya dawa kwapani. Binti wa kaka yake alikuwa ameketi kwenye kigoda. Asubuhi ile alikuwa ametoka hospitali bila ile mimba aliyoingia nayo.

"Inuka mwanangu nikuoshe. Mwanamke usafi."

Dawa yenyewe ilikuwa ya kusugulia sakafu za ofisi. Shangazi, mfagizi kwa miaka thelathini, alikijua kipimo chake usingizini: vifuniko viwili kwa sakafu, kimoja kwa mwili, nje na ndani. Ndivyo alivyojiosha mwenyewe tangu usichana, na ndivyo alivyomfunda binti huyu alipoolewa.

"Daktari kasema maji matupu, shangazi. Tena nje tu. Ndani kunajisafisha kwenyewe."

"Daktari mwenyewe mwanamume, atajulia wapi? Sakafu zangu hazijanuka hata siku moja!"

Binti hakucheka. Alikuwa akiitazama mikono ya shangazi, laini kama ya kichanga.

"Miaka yote hiyo na dawa, mbona mikono yako haijachubuka?"

"Nani aishike kwa mikono mitupu? Hiyo inakula ngozi, mwanangu. Lazima uvae glavu."

Kifuniko kilichojaa dawa kilisimama juu ya ndoo. Tone moja likadondoka, maji yakawa meupe kama maziwa.

Shangazi, ambaye mtaa mzima ulimwita mama kwa kuwa hakujaliwa mtoto wake mwenyewe, aliimwaga ndoo yote. Akabaki amechutama, akiyatazama maji yakiishia tunduni.

"Ngoja nikachote mengine," alisema, lakini hakuinuka.