Mtu wa Kheri Mlangoni mwa Pango

Diski ilikuwa ya marehemu Kheri. Mama yake aliileta kwa Nyange, fundi wa kompyuta, akaomba auone mchezo uliokuwa ndani yake, pale mwanawe alipouachia.

Kioo kikawaka. Mtu mdogo mwenye taa akatokea mlangoni mwa pango, na kabla mama hajavuta pumzi joka lilishamrukia yule mtu, akaanguka.

"Mbona amekufa?"

"Mchezo wa zamani huu, mama. Kompyuta za sasa zinaukimbiza mno."

Akaufungua tena. Mtu akafa tena.

"Ipunguze basi hiyo kasi, mwanangu."

Nyange akaipunguza. Sasa joka lilikuja kwa kutambaa.

"Haya, ndivyo Kheri alivyokuwa akiuona. Bonyeza hapa mtu wake akimbie."

Mama hakugusa kitu. "Punguza tena."

"Nikipunguza zaidi hutaweza kucheza, mama."

"Nani kakwambia nataka kucheza?"

Nyange akashusha kasi mpaka mwisho. Mtu wa Kheri akabaki na mguu mmoja hewani, taa mkononi. Joka lilikuwa limeachama, na bado linakuja, ila mwendo wake haukuonekana kwa macho.

Mama akanyoosha kiganja, akakiweka juu ya kioo, kati ya joka na mtu.