Finjani ya Mzee Shakir

Hebu niambie, ushapata kuwaona watoto wanaomwonea haya baba yao kushika kikombe?

Basi wa Mzee Shakir walikuwa hivyo. Kiharusi kilimpinda mdomo mwaka ule wa 2014, maneno yakawa yanatoka moja moja, na mate yakiyafuata. Siku ya kuja mgeni wa biashara, bintiye Ghania alimfunga vifungo vya kanzu, akamtia marashi nyuma ya masikio, akampangusa kidevu, kisha akamnong'oneza:

"Baba, leo usiseme kitu mbele ya mgeni. Tafadhali. Wewe kaa tu."

Mzee alimtazama kitambo. Mkononi alikuwa na tasbihi, anavuta punje taratibu, hata moja haikumteleza. Akainamisha kichwa: sawa.

Kukaa ilikuwa lazima. Nyumba ile ya mtaa wa Al Warqa, ughaibuni, ilikuwa ya watu wa asili ya Unguja, na kwao biashara haifungwi mkubwa wa nyumba asipokuwepo. Tena biashara yenyewe nzito. Hashir, kaka yake Ghania, alitaka kuiuza karakana ya Al Jaddaf, jasho lote la baba yao, wanunue hisa ya meli ya kupita kwenye bahari ya barafu, kaskazini kabisa ya dunia. Saini ilikuwa ya Hashir. Tangu maradhi, yeye ndiye aliyepewa uwakala wa kutia saini kwa niaba ya baba.

Jikoni, Ghania alikuwa akimfunza Metrine, msichana wa kazi aliyetoka Bungoma juzi tu.

"Mgeni mmiminie mpaka aitikise finjani. Akiitikisa, khalas, hataki tena."

"Kwetu, madam, mtu akitosheka anasema tu."

"Huku hasemi. Ndiyo adabu."

Mgeni alikuwa Bwana Aidarus, dalali wa meli. Alitandaza ramani juu ya zulia, akapitisha kidole kutoka Uchina, juu ya Urusi, mpaka Ulaya.

"Suez ni kuzunguka. Huku ni mkato. Siku zinapungua, mafuta yanapungua. Na barafu yenyewe kila mwaka inayeyuka. Bahari inatufungulia mlango, na sisi tumekaa!"

Finjani ya Mzee ikatikisika. Kahawa ikadondokea zulia.

Ghania akamgeukia mgeni. "Utuwie radhi, Bwana Aidarus. Ni maradhi." Metrine alikuwa amesimama na dele la kahawa mkononi, hajui amimine au asimimine. "Mmiminie, Metrine. Baba hajatosheka, anatetemeka tu."

Metrine akammiminia.

"Na wakati wa baridi," Ghania akauliza, "barafu ikirudi?"

"Tunangoja kiangazi."

"Meli inakaa bure?"

"Inapumzika," akasema Aidarus, akatabasamu.

"Na ikishusha mzigo Ulaya, inarudi na nini?"

"Mzigo haukosekani, inshallah."

"Dada, wewe hata friza ya nyumbani unaiogopa!" Hashir akasema. Wanaume wakacheka. Finjani ikatikisika tena, na tone likaangukia kanzu nyeupe. Ghania akalifuta haraka kwa pembe ya mtandio, hakumtazama baba yake usoni.

Aidarus akapunguza sauti. Kulikuwa na bima, ya juu kidogo. Kulikuwa na meli ya kuvunja barafu, ambayo lazima ikodiwe itangulie mbele.

"Faida ya mafuta italipa yote hayo," akasema Hashir.

"Mafuta si yanashuka bei dunia nzima?" Ghania akauliza. "Sasa utaokoa nini?"

Finjani ilitikisika mara ya tatu, kwa nguvu, kahawa ikamwagika juu ya ramani, ikaifunika Urusi yote.

"Ghania," Hashir akasema huku ameuma meno, "mnyang'anye."

Akamnyang'anya, kama anyang'anywavyo mtoto. Kiganja cha Mzee kikabaki wazi juu ya goti, kimetulia.

Hashir akatia saini. Aidarus akanywa yake, akaitikisa finjani kidogo, na Metrine akaacha kumimina. Wakapeana mikono.

Mlango ulipofungwa, Hashir alishusha pumzi. "Baba, leo umetuaibisha."

Ghania alipiga magoti kuifuta kahawa. Alipoinua macho, Mzee alikuwa ameshaichukua tasbihi. Punje zilipita moja moja, kwa mkono ule ule, bila kutetemeka. Kitambaa kikamponyoka mkononi.

"Baba, kumbe ulikuwa umetosheka?" Ghania akauliza. "Na sisi tunakumiminia tu kahawa!"

Mzee alitega sikio mpaka gari la mgeni likawaka nje, likaondoka. Mdomo ukahangaika.

"Ameshakwenda?"

"Ameshakwenda, Baba."

"Si kahawa," akasema, neno moja moja, "niliyokuwa... naikataa."