Uzi wa Mwalimu

Kwa mara ya nne Mwalimu mstaafu alimpisha mtu mwingine. "Tangulia tu, mimi sina haraka," alisema, kiganja kimeziba mdomo kama mtu anayezuia kikohozi. Alikuwa akingoja duka la dawa liishe watu, na watu nao, kama waliotumwa, walizidi kuingia.

Muuzaji mwenye koti jeupe akamwona. "Mama, wewe umefika zamani. Nikusaidie nini?"

Mwalimu akainama juu ya kaunta. "Naomba kile kitu cha kusafishia katikati ya meno," alinong'ona.

"Cha katikati ya meno?" Sauti ya muuzaji ilifika hadi mlangoni. Kisha akamkazia macho, akapiga makofi. "Mwalimu! Shikamoo! Hunikumbuki? Ulitufundisha darasa la nne. Kila Jumatatu unatukagua meno mstarini, mwenye meno machafu anarudishwa bombani!"

"Marahaba, mwanangu," alijibu, huku akiomba ardhi ipasuke immeze.

Muuzaji akapanga bidhaa juu ya kioo. Uzi wa meno ndani ya kijisanduku chake. Vibrashi vyembamba kama sindano. Na mashine ya kurusha maji, ambayo hata yeye aliishika kwa heshima.

"Kila mdomo na kifaa chake, Mwalimu. Meno yako yameachana au yamebanana?"

"Yamebanana. Yote sawasawa."

"Fizi zinatoka damu?"

"Zinauma. Hasa asubuhi."

"Jino gani linasumbua?"

"Hakuna. Kunauma kote."

"Kote? Hebu fungua nione."

"La!" Watu wakageuka. Mwalimu alishusha sauti, uso unamwaka. "Nipe uzi tu, mwanangu. Uzi utatosha."

"Kwa meno yaliyobanana uzi ndio wenyewe," muuzaji alikubali, kisha akaigeukia foleni. "Mnamwona mwalimu wangu? Umri huo, na meno bado yaleyale! Watu wa zamani walijitunza."

Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa mshangao. Mwalimu alishika kijisanduku chake, akatoka bila kungoja mfuko.

Siku kumi na moja zilizopita alikuwa ameolewa na fundi saa, mgane wa miaka mingi. Kabla ya ndoa Fundi alimwaga yake yote mezani: figo moja iliyotolewa, hasira zake za asubuhi, hata barua za marehemu mkewe ambazo hakuwa na moyo wa kuzichoma. "Nisije nikaingiza siri ndani ya nyumba yetu," alisema. Naye Mwalimu, aliyewaimbisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na saba kwamba njia ya mwongo ni fupi, alitabasamu akanyamaza. Tabasamu hilohilo Fundi akalisifu mbele ya wageni wote siku ya harusi, na wageni wakashangilia.

Tangu hapo alijaribu kusema mara tatu. Mara zote tatu alijikuta anazungumzia mapazia.

Tatizo lilikuwa sinki. Kila jioni baada ya chakula, Fundi alisimama pale, akakata uzi wake, akapita jino moja baada ya jingine bila pupa, kama anayesafisha magurudumu ya saa. "Wako uko wapi?" alimuuliza siku ya kwanza. "Umeisha," akajibu. Siku ya tano: "Bado hujanunua? Basi chukua wangu." Siku ya tisa hakuuliza. Alimtazama tu mkewe akikata tufaha kwa kisu, vipande vidogo kama vya kulishia mtoto, akarudisha macho kwenye gazeti. Na macho ya Fundi yalikuwa yamezoea kuona vitu vidogo kuliko chembe ya mchanga.

Mwalimu aliona haya hadi usingizi ukamhama. Sasa anajua mimi mchafu, aliwaza. Na afadhali angekuwa mchafu tu, maana uchafu huoshwa. Alimpenda mtu huyu kwa penzi la uzeeni, ambalo halina muda wa kupoteza, na aliogopa kumwona siku moja akikunja nguo zake kimyakimya na kuondoka.

Alipofika nyumbani, Fundi alikuwa sebuleni, ameinamia saa ya jirani.

"Nimenunua," Mwalimu alisema, akamwonyesha kijisanduku toka mbali.

"Vizuri," Fundi alijibu, bila kuinua kichwa.

Mwalimu akapitiliza bafuni, akafunga komeo. Alifungulia bomba maji yapige kelele. Alikata kipande cha uzi, akakilowesha, akakifikicha vidoleni mpaka kikachakaa, kisha akakitupa juu kabisa ya kopo la taka, mahali pa kuonekana. Akakitazama. Hakikumridhisha. Akakata cha pili. Akakifikicha hicho nacho, akiutazama mlango kama mtoto anayeibia mtihani.

Nyayo zikaja taratibu, zikasimama nje ya mlango.

"Mke wangu," Fundi aliita kwa sauti ya chini, "huo uzi utaumaliza bure. Yatoe hayo meno uyaloweke kwenye bilauri, fizi zipumzike, uje tunywe chai."